Sauti ya Siwema Juu ya Kichuguu

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia huku anapiga miayo? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumeelewana. Kaeni vizuri. Na nyie wakubwa msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto tu, maana hii ya leo inawahusu nyie kuliko wao.

Hapo zamani, kale ile ambayo bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na uwanda ukiitwa Kichangani. Kwenye uwanda ule waliishi nguchiro. Nguchiro mnawajua? Kanyama kembamba, mkia mrefu, pua imechongoka, ubishi usiseme. Hawakai mmoja mmoja. Wanakaa kundi zima ndani ya kichuguu kimoja kilichohamwa na mchwa. Na wale wa Kichangani walikuwa na chama chao, mwenyekiti wao na kanuni zao.

Kanuni ya kwanza ilikuwa ya zamu. Jua likichomoza, kundi linatoka kwenda kuchimba dundu na mabuu. Sasa nguchiro akichimba, kichwa kiko shimoni, matako yako juu, haoni kitu. Na huko angani yupo Mwewe, anazunguka. Basi mmoja wao anapanda juu ya kichuguu, anasimama wima kwa miguu miwili, anatazama huku, anatazama kule. Na anaimba. Anaimba polepole, kutwa:

Pii, pii, nipo, natazama.
Pii, pii, nyie chimbeni.

Maadamu wimbo unasikika, nguchiro wanachimba. Wimbo ukikatika, hakuna kuuliza. Kila mtu mbio, ndani ya kichuguu. Mlinzi akimwona Mwewe hapigi kelele. Kelele za nini, kwani Mwewe hana masikio? Ananyamaza tu. Kimya, jii. Na kimya kile ndicho kilichowaweka hai, mababu kwa wajukuu.

Mlinzi hachimbi, kwa hiyo jioni kila mchimbaji anamtengea kidogo. Wenyewe waliita fungu la mlinzi.

Walinzi walikuwa watatu, wakipokezana. Mmoja wao aliitwa Siwema. Huyu ndiye mwenye hadithi. Siwema alikuwa na sauti ya kukwaruza kidogo mwishoni, utadhani ana kipande cha jani kooni. Akisema "chimbeni", lile "ni" linakwaruza. Watoto walimcheka, lakini wakiisikia walichimba kwa raha, hawana wasiwasi. Alizaa watoto wanne. Watatu hawakuvuka masika. Akabaki na mmoja, binti, Kidawa. Siwema akila, anamwachia Kidawa. Akilala, mkia wake umemfunika Kidawa. Akisimama juu ya kichuguu, kabla hajatazama angani, anatazama Kidawa yuko wapi.

Basi mvua ikakatika. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu. Ardhi ikawa ngumu, dundu wakashuka chini sana. Kuchimba dundu mmoja ni asubuhi nzima, kucha zinatoka damu. Fungu la mlinzi likapungua. Kwanza dundu wawili, halafu mmoja, halafu mguu wa dundu. Siwema alikuwa akiuvunja ule mguu na kumpa Kidawa sehemu yenye nyama.

"Na wewe, mama?"

"Nimekula huko juu."

Huko juu kuna nini cha kula? Upepo. Mtoto alijua, na mama alijua kuwa mtoto anajua.

Siku moja mwenyekiti Shomari akarudi kutoka upande wa barabara na mgeni. Mgeni mwenyewe Kasuku, kijivu, mkia mwekundu, ametoroka kwenye mgahawa mjini. Shomari akamweka juu ya kisiki, akaita watu.

"Mwonyeshe," akamwambia.

Kasuku akakohoa kidogo. "Chapati mbili, chai ya maziwa, mteja wa dirishani." Watu wakacheka. Kasuku akafanya birika linavyochemka, fsss. Akafanya kitasa, kacha. Wakacheka mpaka wakakaa chini, na walikuwa hawajacheka tangu ukame uanze.

"Sasa fanya ule uliojifunza tukija," Shomari akasema.

Kasuku akafumba macho.

Pii, pii, nipo, natazama.
Pii, pii, nyie chimbeni.

Sauti ilikuwa ya Siwema. Si kufanana, yenyewe. Hata lile "ni" la mwisho lilikwaruza. Kidawa aligeuka kumtazama mama yake, akaona mdomo wa mama umefungwa. Akamsogelea, akamshika mkia.

Shomari akapanda juu ya kisiki. Mnawajua wenyeviti wakishapanda juu ya kitu.

"Ndugu zangu, mambo yamebadilika, na sisi tubadilike. Tuna wenzetu watatu hawachimbi, na tunawalisha. Huyu anakula mbegu za majani makavu, ambazo hatuzitaki. Haumwi, hachoki, halalamiki. Anaimba kutwa. Walinzi washuke, wachimbe, kila nyumba ipate kitu. Mwenye neno?"

Siwema akanyanyuka. Hakuwa msemaji.

"Mmemfundisha kuimba," akasema. "Kunyamaza nani kamfundisha?"

Halafu Shomari akatabasamu, lile tabasamu la kumpooza mtu.

"Siwema, tunakuelewa. Umezoea fungu lako. Hakuna anayependa kushuka kutoka juu."

Watu wakacheka. Bi Hidaya, mkongwe wao, ambaye jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu, akasema, "Mwacheni mwenzenu aseme. Kauliza swali, hamjamjibu."

"Swali ni zuri," Shomari akasema. "Tutaunda kamati ilishughulikie. Wanaokubali wainue mikia."

Mikia ikapanda, mmoja mmoja. Siwema akatazama chini. Kidawa alikuwa amelala pale miguuni, mchana ule, jua kali vile. Mtoto mzima hulala mchana? Mbavu zake zilionekana, moja, mbili, tatu, zote. Siwema alijua anachokijua. Kilimkaa kooni kama lile jani lake. Akainua mkia.

Nawaambia wazi, msije mkasema sikuwaambia. Aliinua.

Kesho yake Kasuku akakaa juu ya kichuguu, walinzi watatu wakashuka. Shomari alimpa kazi yake kwa maneno machache. "Imba toka jua linachomoza mpaka linazama. Usikatishe." Kasuku akasema amesikia.

Na kwa kweli, chakula kilipatikana. Tusimwonee Shomari. Mikono ilizidi, mashimo yakawa mengi, jioni kila nyumba ikala. Kidawa akanenepa kidogo. Akaanza tena kucheza, kukimbiza mkia wake mwenyewe. Siwema alimtazama, akasema moyoni, pengine mimi ndiye niliyekuwa mwoga tu.

Siku za mwanzo alikuwa akichimba kidogo, anainua kichwa, anatazama angani. Anachimba, anainua. Shomari akapita.

"Siwema, unachimba au unahesabu mawingu? Wenzako wana shimo la kiuno, wewe hata kifundo hakijazama."

"Ile kamati imekaa?"

"Itakaa. Sasa hivi wajumbe wanachimba."

Akauliza tena wiki ya pili. Wajumbe wanachimba. Wiki ya tatu hakuuliza. Na kichwa akaacha kukiinua. Si kwamba alisahau. Alizoea. Kutwa anasikia sauti yake mwenyewe ikimwambia nipo, natazama, na mtu akiambiwa kitu kwa sauti yake mwenyewe, ataacha kuamini vipi?

Ikaja siku moja, jua utosini. Siwema amepata njia ya buu nono, kichwa kimeingia, mabega yameingia. Kidawa anachimba nyuma yake, hatua tatu tu. Kichuguuni wimbo unaendelea.

Pii, pii, nipo, natazama.

"Mama," Kidawa akasema, "kuna kivuli."

"Ni wingu, mwanangu."

"Kinazunguka."

Siwema alikuwa amelishika buu kwa ncha ya kucha. Akiliachia linazama.

"Chimba," akamwambia, kichwa kikiwa mle mle ardhini. "Si unasikia wimbo?"

Kidawa akasikiliza. Wimbo ulikuwepo. Sauti ya mama yake kichuguuni, sauti ya mama yake shimoni, zote mbili zinasema chimba. Akainamisha kichwa, akachimba.

Fyuuu.

Siwema alisikia upepo mgongoni. Akatoa kichwa. Shimo dogo la Kidawa lilikuwa pale, na udongo wake mbichi, na Kidawa hayupo. Juu, mbali, Mwewe alikuwa anapanda polepole, na chini ya miguu yake ulining'inia mkia mdogo. Siwema alikimbia chini ya kile kivuli mpaka miiba ilipomzuia. Halafu hapakuwa na kivuli tena.

Wenzake, waliposikia ule upepo, walikuwa wameshakimbilia ndani ya kichuguu. Wakakaa gizani, roho juu, wanasubiri kujua kama ni salama kutoka. Watajuaje? Nje wimbo ulikuwa unaendelea. Ulikuwepo kabla ya Mwewe, ulikuwepo Mwewe alipokuja, na sasa ulikuwepo bado. Nipo, natazama. Nyie chimbeni. Walikaa mle mpaka jua lilipozama na Kasuku akafunga mdomo, kama alivyoagizwa.

Siwema alimkuta pale pale juu ya kichuguu, anajisafisha manyoya.

"Hukumwona?"

"Nilimwona," Kasuku akasema. "Toka alipotoka kule mlimani. Alizunguka mara nne."

"Mbona hukunyamaza?"

Kasuku akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho moja. Hakuwa na ubaya, masikini. Alishangaa kweli.

"Niliambiwa niimbe mpaka jua lizame. Kunyamaza sikuambiwa. Kwani leo nimeimba vibaya?"

Hapana. Aliimba vizuri.

Kesho yake chama kikakutana. Shomari akatoa pole. Pole ndefu, yenye maneno mazuri. Halafu akasema wakati wa kurudi nyuma umepita, ila mpango una kasoro ndogo, dawa yake ni kumtafuta ndege wa pili, wa kupiga kelele Kasuku akiendelea kuimba. Na kamati, akasema, sasa itakaa kweli.

"Kasoro ndogo ina jina," Bi Hidaya akasema. "Inaitwa Kidawa. Litamke."

Shomari akatazama chini. Akaomba mikia iinuliwe.

Siwema hakungoja mikia. Alitoka mkutanoni, akapanda kichuguu, akamtimua Kasuku kwa meno. Akasimama wima. Akatazama huku, akatazama kule. Kwa mazoea akatazama na chini, Kidawa yuko wapi. Kisha akafungua mdomo aimbe.

Pii, pii, nipo.

Lile "natazama" halikutoka.

Wale waliobaki wakichimba wakati wa mkutano, wimbo ulipokatika, wakasimama. Lakini hawakukimbia. Walitazamana. Huyu ni Siwema au ni Kasuku? Amenyamaza kwa sababu ya Mwewe, au kwa sababu ya kilio? Hapo ndipo walipojua walichopoteza. Mtoto mmoja alipotea, na wote wakajua. Kile kimya nacho kilipotea, na hakuna aliyekiona kikiondoka. Siku hiyo Mwewe hakuja, ni bahati yao tu.

Walijaribu kuzirudisha zamu. Hazikurudi. Kasuku alihamia vichakani ng'ambo ya uwanda, na kazi aliyofundishwa hakuisahau. Kila jua likichomoza anaimba. Walinzi wakiimba, naye anaimba. Walinzi wakinyamaza, yeye anaimba. Nani atausikia ukimya tena? Mwisho wakaiacha ile kanuni. Kila mmoja akawa mlinzi wake mwenyewe. Anachimba kidogo, anasimama wima, anatazama. Anachimba kidogo, anasimama. Wanapata nusu ya chakula, wakati mwingine robo. Nenda leo kwenye uwanda wowote ukawatazame nguchiro. Utawaona wanavyoinuka kwa miguu miwili, masikio wima, hawatulii. Watu husema ni udadisi. Wapi, ni woga wa tangu siku ile.

Na Siwema? Siwema alizeeka. Hakuimba tena maishani mwake. Lakini kila siku, jua likifika utosini, aliacha kuchimba na kugeuza sikio upande wa vichaka. Kule sauti yake ya ujana ilikuwa ikiimba, na lile jani kooni, nipo, natazama. Alisikiliza wimbo wote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Bi Hidaya, kabla hajafa, alimuuliza siku moja, "Mwanangu, unasikiliza nini kila siku?"

"Nangoja ukatike," Siwema akasema.

Haya. Mafunzo yake hayajifichi, na mtoto asiyesinzia ameshayaona. Shida ikija, badilisheni desturi, wala sikatai, njaa ni njaa. Lakini kabla hujaiondoa kazi ya zamani, jua kwanza ilikuwa inawakinga na nini, na umuulize aliyekuwa akiifanya. Akikujibu, usimcheke. Na wewe mwenye kujua, swali lako likikosa jibu, usiinue mkia.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, naiacha hapa hapa kichuguuni. Atakayeiokota, aende akaisimulie pale wanapopenda kuunda kamati.