Kamati ya Muda ya Kuratibu Ukunaji wa Migongo ya Ng'ambo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kupe!
Wapi?
Mgongoni mwa Kiboko!

Kamati ya Muda ya Kuratibu Ukunaji wa Migongo ya Ng'ambo. Hilo ndilo jina, vuteni pumzi. Kisa chenyewe ni mwasho.

Hapo zamani za kale, ng'ambo ya mto, Kiboko aliwashwa. Kupe walimjaa mgongoni, na mkono hana. Akaleta ujumbe upande wetu: "Nikuneni. Mgongo nitauleta mwenyewe. Ujira ni kupe. Anayekuna ndiye anayekula."

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mama Kanga alichakura, kwaru, kwaru, akapata vumbi. Vifaranga wake wakalia, "Pii, pii, mama, njaa!"

Nyani akajifanya Katibu wa Kamati. Akatangaza: "Kazi ni ya wote! Wanyonge kwanza! Usaili ni juu ya mkuyu."

Kanga akaenda hadi kwenye shina. "Bwana Katibu, shuka basi uniulize hapa hapa."

"Usaili haushuki, mama. Hufuatwa."

"Nikiruka huko, Nguchiro atawala wanangu. Yule pale kichakani, anajilamba."

"Waache kwa shangazi yao."

"Shangazi yao aliliwa na huyo huyo."

Nyani akakohoa. "Pole sana. Basi tuandike hukufika."

"Si niko hapa chini yako?"

"Hukufika juu."

Basi, kazi akapewa Nyani. Aliyempa ni Nyani. Nyani akampa Kima, kwa sharti la nusu ya kupe. Kima akampa Komba, kwa sharti lile lile. Naye Komba, mchana hulala.

Asubuhi Kiboko akavuka, chubwi, chubwi, akajilaza ukingoni, mgongo tayari. Akangoja. Jua likapanda. Komba akakoroma.

"Ngurrr! Nani ananikuna?"

"Suala lako linashughulikiwa!" likajibu tawi.

Kanga akasikia. Akaja, vifaranga nyuma, pii, pii.

"Mzee Kiboko, kuchakura ndiyo kazi yangu tangu nizaliwe. Ila sipandi bila wanangu."

"Wana uzito gani?"

"Hawana. Ndiyo shida yenyewe."

"Panda nao."

Wakapanda. Kwaru, kwaru! Do, do, do! Kupe akang'oka, mdomo ukapokea. Nguchiro akatoa pua kichakani, akalitazama domo la Kiboko, akakumbuka ana shughuli kwingine.

"Kazi hiyo ina wenyewe!" Nyani akapiga kelele.

"Basi shuka ukune," akasema Kiboko, macho kayafumba.

Nyani naye akalitazama lile domo. Hakushuka.

Haya, wakubwa kwa wadogo: kazi ikiitwa ya wote, iwekwe wanapofika wote, na mwenye watoto aruhusiwe kuja nao. Ngano yangu naitua hapa, mwenye kuibeba na aibebe.

Taarifa ya Kamati inasema ukunaji ulikamilika kwa uratibu mzuri wa wadau. Kiboko aliwashwa, Kanga akamkuna, watoto wakala.