Kuku wa Chini ya Tenga

Mwanasiti alikuwa anachambua maharage Tunu, binti yake, alipoingia mbio.

"Mama, mwenye shamba anakuja kumchukua jogoo wetu, ana wageni!"

Mwanasiti akafunika kuku mmoja kwa tenga, akasimama mbele yake.

"Karibu, Bwana Mwinyikai. Jogoo yule pale, mchukue upesi."

"Upesi ya nini? Mgonjwa?"

"Mzima, wallahi. Mchukue tu."

"Na humo tengani?"

"Huyo hapana, bwana! Niachie huyo, nakusihi."

"Kumbe! Baki na jogoo wako. Nipe huyo huyo."

Akampa huku akifuta machozi.

Jioni Tunu aliuliza akipokea ugali, "Mama, yule kikongwe asiyetaga ulimfichia nini?"

"Ningemwacha wazi, angemtaka?"

Mwanasiti akahesabu: watoto watano, baba yao, na jogoo mlangoni.

"Tumetimia. Kuleni."