Ubavu wa Fuawe

Washarika, mchungaji kaniambia nina dakika chache, na magoti yangu yananiambia hivyo hivyo. Kwa hiyo nyie wa benchi la nyuma malizeni maongezi yenu, nianze.

Alikuwapo mzee mmoja mstaafu. Kazi yake ilikuwa ya ofisini, ya kiti kinachozunguka. Alipostaafu akarudi kijijini, akajenga nyumba ya vigae, mwezi wa kwanza akakaa barazani, mwezi wa pili akaanza kugombana na kuku. Wastaafu wenzake kila mmoja alikuwa na jambo la kujifurahisha: huyu nyuki, yule maua. Yeye akasema, mimi nitafua vyuma. Si vya kuuza. Raha tu.

Sasa, kufua chuma kunataka fuawe, lile pande zito ambalo mhunzi huweka kazi yake juu yake, akapiga nyundo. Na fuawe ilikuwapo pale pale nyumbani, nyuma ya jiko la dada yake mkubwa, imeliwa na kutu, kuku wanalala juu yake. Ilikuwa ya baba yao. Baba yao alikuwa mhunzi.

Hapo kwenye baba, tusimame kidogo. Mnajua zamani watu wa huku walivyowaona wahunzi. Jembe lake unalitaka, binti yake humtaki. Shuleni wenzake walimwita mzee wetu, wakati huo mtoto, Masizi. Basi akaacha kukanyaga kibandani baba yake alikofulia vyuma. Akitumwa kupeleka chakula, anaweka bakuli mlangoni, anakohoa, anakimbia. Alipokwenda shule ya mbali, akiulizwa baba yako anafanya nini, alijibu, "Mfanyabiashara." Baba akafa, akazikwa, na mwana hakuwahi kujua ndani ya kile kibanda mlikuwa na nini.

Haya. Mzee wetu akaipiga fuawe picha, akaituma kwa watu wake wa kwenye simu, hao wanaopenda vyuma vya kale. Wakamjibu, "Tafuta ubavuni. Fuawe ya maana ina jina la kiwanda ubavuni." Akasisimka kweli kweli. Alitaka iwe imetoka Ulaya, iwe na ukoo wa kusimulia. Mtu aliyeukimbia ukoo wake, anakitafutia chuma ukoo!

Siku ya kuisafisha dada yake alikuwa amekwenda msibani, ng'ambo ya mto. Je, angengoja arudi amuulize? Amuulize nini, na simu anayo?

Akaisugua kwa brashi ya waya. Kutu ilipotoka ubavu wa kwanza, akaona mikwaruzo. Mikubwa, imepinda, kama ya mlevi aliyepewa tindo achonge chuma. Akasema, "Ona washamba walivyoiharibu." Akachukua grenda, ile mashine ya kusaga chuma inayolia kama nguruwe anayechinjwa, akasaga mpaka pakawa laini kama sahani. Akageuza ubavu wa pili, akapaka siki, akapiga msasa. Huko akapata herufi tatu za kigeni zilizofifia. Akazipaka mafuta, zikang'aa, naye akang'aa.

Jumapili akaalika wenzake. Fuawe iko barazani juu ya gogo, wageni wanaizunguka, wanaigonga kwa vidole kama watu wanaonunua tikiti maji.

"Umeipata wapi hii, mzee mwenzangu?"

"Aa, ilikuwa kwenye shamba la mzungu fulani. Bahati tu."

Dada yake alikuwa amesharudi, anawamiminia chai. Mgeni mmoja akauliza, "Na huyu mama ni nani?"

"Huyu? Ananisaidia saidia hapa nyumbani."

Mmesikia? Huyo ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea.

Dada hakumwaga chai. Alijaza kikombe cha mwisho, akaweka birika chini, akaiendea fuawe. Akapitisha kiganja ubavuni, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akapitisha tena.

"Mdogo wangu," akasema, "jina lako liko wapi?"

"Jina gani, dada?"

Eeh, hapo ndipo akawa dada.

"Jina lako. Ulipofaulu kwenda shule ya mbali, baba alimwomba mwalimu aliandike hapa kwa chaki. Halafu yeye, asiyejua hata a, akaifuata chaki kwa tindo. Lilimpinda, lakini alilimaliza. Kila mteja aliyekuja na jembe bovu alionyeshwa kwanza: huyu ni mwanangu. Nilipokuona unaipiga picha, nilidhani ndilo unalolitafuta."

Wageni wakakumbuka wana safari. Chai ikapoa vikombeni. Yule mzee akaweka mkono pale alipopasaga, akapapasa, akapapasa. Laini. Na chuma kikishasagwa hukirudishi. Huyo dada naye akakusanya vikombe, maana vilikuwa vyake.

Mnanitazama mimi wa nini? Tazamaneni.

Sisi tulio humu, wenye viatu vilivyopigwa rangi, nani hajamwambia mama yake akae jikoni siku ya posa kwa sababu visigino vyake vina nyufa? Nani hajamkatia baba simu mbele ya watu wa kazini, kwa kuwa anapayuka na Kiswahili chake kinapinda? Tunasema, "Yule ni jirani." Tunasema, "Yule ni mtu wa nyumbani tu." Tunasaga, washarika. Tunasaga na tunapendeza. Halafu tunapiga magoti hapa mbele, tunamwomba Mungu atuandike kitabuni mwake. Atuandike jina gani? Lile tulilolisaga?

Nilipokuwa naingia nimewaona wazee wamekaa kwenye benchi la nje, juani, wameambiwa ndani pamejaa. Hapajajaa. Ninaona mikoba imewekewa nafasi kama watu.

Nimemaliza. Kabla ya sadaka, mwenye mzazi wake hapo nje atoke akamlete, amkalishe karibu naye, na akiulizwa huyu ni nani, ajibu kwa sauti. Nendeni. Tunawangoja.