Chekundu Kile ni Mfuko Tu

Ndugu zangu, najua jua limepanda na watoto wameanza kupiga miayo. Vumilieni. Nina habari ya mtu mmoja, na sitawaachilia mpaka niimalize, maana wiki ijayo vijana wetu wa kanisa wanakwenda matembezi jangwani na sitaki waondoke bila kuisikia.

Kulikuwa na mwenyeji mmoja wa kaskazini, jina lake Elema. Nchi yake ilikuwa jangwa, vilima vya mchanga mpaka macho yachoke, na hapa na pale kichaka cha miiba. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni wa mjini. Sikukuu zikifika walikuja na magari na mahema, wakapiga kambi, wakateleza kwenye mchanga kama watoto. Na Elema aliipenda nchi ile! Alikuwa akiwapandisha wageni kilimani, anashika kiuno, anawaambia, "Angalieni wenyewe. Mungu alipofika hapa hakuongeza kitu. Aliona inatosha."

Wageni wakacheka, wakapiga picha, wakarudi kwao. Lakini walirudi na nini? Picha tu. Chupa waliziacha. Makopo waliyaacha. Nepi za watoto, mifuko ya nailoni, vyote waliviacha pale pale walipokaa. Upepo ukavichukua ukaenda kuvitundika kwenye vichaka, vyekundu, vya buluu, vyeupe. Mtu akiwa mbali angesema jangwa limechanua maua.

Mkewe, Wato, alikuwa na ngamia wake, na aliona wanavyotafuna ile mifuko. Siku moja akamjia mumewe akiwa amekasirika.

"Baba Boru, wageni wako wameshiba wakaenda zao. Sasa ngamia wangu ndio wanamalizia mabaki. Utawaambia lini?"

"Mgeni nimwambie aokote taka?" Elema akajibu. "Akiudhika ataenda kambi nyingine."

"Kumbe nchi hii unaionea fahari, lakini kuitetea unaona haya."

Elema akaenda zake kupokea gari jingine la wageni. Na wewe uliyeketi hapo, ungemjibu nini?

Basi sikukuu moja likaja kundi kutoka mjini, watu waliokuwa wakija kila mwaka. Kiongozi wao aliitwa Mutembei, bwana mkarimu, mcheshi, asiyeweza kula bila kumkaribisha mwenzake. Safari hii alikuja na mpwa wake, msichana aliyeitwa Nkatha. Asubuhi ya pili, wenzake wangali wamelala, Nkatha akatoka peke yake kwenda kuona jua likichomoza nyuma ya vilima. Hakumwambia mtu. Akapanda kilima, akateremka upande wa pili, mchanga ukamporomokea, akabingirika mpaka chini. Mguu ukavunjika. Simu haikushika mtandao. Akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na upepo ukafuta nyayo zake zote.

Nkatha hakukata tamaa. Alijikokota akaingia kwenye kivuli cha kichaka, akavua kitambaa chake cha kichwa, chekundu, akakifunga kwenye tawi la juu. Akajiambia, watakiona tu.

Kambini walipogundua kwamba hayupo, Mutembei alichanganyikiwa. Elema akamwingiza garini, wakaanza kuzunguka. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Wakapita kilima hiki, wakapita kile. Ghafla Mutembei akanyoosha kidole.

"Elema, kile chekundu pale kichakani ni nini?"

Elema akatazama mara moja. Vyekundu kama vile alikuwa akiviona kila siku ya maisha yake.

"Chekundu kile ni mfuko tu. Twende."

Wakaenda.

Wakazunguka mpaka adhuhuri, wakarudi kambini mikono mitupu. Wageni walikuwa wakilia. Wanakijiji walikuwa wamefika kusaidia, na Wato alikuwa miongoni mwao. Akauliza, "Mmetafuta wapi?"

"Kila mahali," Elema akasema.

"Mmeshuka garini?"

"Kushukia nini?"

Wato akaelekeza mkono jangwani. "Mtu aliyepotea hutundika nguo aonekane. Sasa kwetu hapa utaijuaje nguo ya mtu, na vichaka vyote vimevaa?"

Elema akageuka kuvitazama vichaka. Akakumbuka kile alichokiona asubuhi, lakini ni kichaka kipi? Vyekundu vilikuwa vingi, vimetapakaa pande zote, kila kimoja kinapepea kama mwenzake. Ikabidi waende kwa miguu, wageni na wenyeji, wamejipanga mstari mmoja mrefu, kichaka baada ya kichaka. Na kila walichokikuta wakakivua, wakakitia guniani, wasije wakakirudia. Mabwana wa mjini wakachomwa na miiba mpaka wakatokwa damu. Akina mama wa kijijini wakaimba ili watu wasichoke. Nyuma yao jangwa likabaki tupu, safi, kama lilivyotoka mkononi mwa Muumba.

Elema alivua mfuko, akavua mwingine, akavua mwingine. Jua likaanza kuinama. Akafikia kichaka kimoja kilichokuwa bondeni, akavuta kitu chekundu, kikakataa kutoka. Akavuta tena. Akakaribia kuangalia, akaona fundo. Upepo haufungi fundo, ndugu zangu.

Akapiga magoti, akachungulia chini ya matawi. Nkatha alikuwa amelala pale, midomo imepasuka kwa kiu, macho wazi. Yu hai! Elema akampa maji kidogo kidogo, akapiga ukelele, watu wakaja mbio. Mutembei akamkumbatia mpwa wake, analia na kucheka. Na msichana, sauti ilipomrudia, neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Mjomba, mlipita hapa asubuhi. Niliwaona. Ulininyooshea kidole."

Elema alijifunika uso kwa viganja. Mutembei akatazama gunia lililokuwa miguuni pake, akatoa mfuko mmoja mwekundu, akaugeuza geuza mkononi.

"Mifuko hii ni yetu," akasema polepole. "Mwaka jana tulibebea nyama. Niliinunua mimi mwenyewe."

Mmesikia? Mtu anayempenda mpwa wake kuliko roho yake ndiye aliyemficha. Hakumficha kwa chuki. Alimficha kwa kula nyama, kufurahi na kutupa mfuko.

Nkatha akapelekwa hospitali, akapona. Na Elema? Sikukuu iliyofuata alisimama njiani, kichwa juu, mbele ya magari. Akasema, "Karibuni sana. Nchi hii mnaiona ilivyo safi. Kila mmoja wenu atatoka na taka zake, na asiyeweza, ageuze gari hapa hapa." Dereva mmoja akamcheka, akageuza. Elema akalitazama vumbi lake likipotea, wala hakumwita. Wengine wote wakaingia. Mutembei alikuwa wa mbele, ana magunia matupu garini, na Nkatha kando yake. Tangu siku ile, kitu chekundu kikipepea jangwani kwa Elema, watu hukimbia kwenda kuangalia, kwa sababu wanajua kwamba huyo ni mtu.

Sasa, sisi. Nimesema sisi, sikusema watu wa mjini. Sisi ndio tunaokwenda kule wiki ijayo na soda zetu na biskuti zetu. Tunaipenda nchi yetu? Tunaiimba, tunajigamba nayo kwa wageni, tunaiweka kwenye picha za simu. Lakini fahari ya mdomo ni rahisi mno. Nani kati yetu atainama? Nani atamwambia rafiki yake, "Okota hiyo," bila kuogopa kwamba rafiki ataudhika? Taka tunayoitupa haipotei. Inakwenda kusimama mahali, kati yangu na ndugu yangu anayeomba msaada, na mimi napita nikisema si kitu.

Mimi nawajua watu wa kanisa hili. Mlichimba kisima kile cha hapo nje kwa mikono yenu wakati watu walisema hamtaweza. Kwa hiyo vijana, nendeni mkapande vilima, mteleze, mcheke mpaka mbavu ziume, maana Mungu hakuuumba uzuri ule utazamwe kwa mbali. Na mkimaliza, inameni, mwokote chenu na cha yule aliyewatangulia. Kisha mrudi hapa Jumapili mmejaa vumbi na mikwaruzo ya miiba, muingie kwa mlango ule wa mbele, ili mama zenu wawaone na waseme, "Hawa ni wetu."