Sikio la Namsrai

Wahenga waliosema kwamba mficha maradhi, kilio humfichua hawakufika jangwa la Gobi, wala hawakuona lori la makaa ya mawe. Lakini wangekaa japo wiki moja katika gereji ya Namsrai, wasingebadili neno. Maradhi si lazima yamlaze mtu kitandani. Yapo yanayotembea na mwenyewe, yakala naye na kucheka naye, maadamu yeye amekubali kuyafunika.

Namsrai alikuwa fundi wa injini za dizeli katika mji ambao vumbi la makaa lilitia weusi kila kitu, hata theluji. Madereva walimwita Sikio. Mafundi wengine walifungua injini ndipo wakajua ugonjwa wake. Yeye aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma, akaubana mpini sikioni na kufumba macho. "Nozeli ya tatu," angesema. Au, "Vali hiyo, tena ya nyuma kabisa." Wakifungua, wanakuta vivyo hivyo, na sifa zake zikazidi kuenea hadi mpakani.

Basi sikio hilo lilikuwa linakufa. Kwanza lilipoteza milio myembamba, kama ya birika linapochemka, kisha likaanza kupoteza ile milio iliyompa riziki. Gerejini kila mtu hupaza sauti, na Namsrai alijifunza kusoma midomo, ndiyo maana siri yake ilidumu. Lakini lililomuuma kuliko yote lilikuwa kupotewa na sauti ya mkewe, Dulmaa.

Dulmaa alikuwa Korea, mwaka wa tatu sasa, akifanya kazi katika kiwanda cha samaki. Kila Jumapili alipiga simu. Namsrai aliibana simu hadi sikio likawa jekundu, asiambulie kitu ila mvumo kama wa upepo kwenye turubai. Mwishowe akamwandikia kwamba mtandao wa Gobi umekuwa mbovu, afadhali waandikiane. Dulmaa akajibu, "Siku hizi hutaki hata kunisikia." Siku hiyo Namsrai hakula. Alimkumbuka alivyokuwa akiimba kwa pua huku akikanda unga, akaitamani sauti ile kama mtu wa jangwani anavyotamani maji. Hata hivyo hakusema. Sikio akikiri kwamba hasikii, atabaki kuwa nani?

Majira ya baridi yalipokaribia kwisha, Dulmaa aliandika kwamba amepata likizo fupi na atakuja kwa sikukuu ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wa kwao. Mabasi yote kutoka mji mkuu yalikuwa yamejaa. Lakini mdogo wake, Chuluun, alikuwa akipeleka mzigo huko kwa lori lake, naye angerudi na dada yake. Kabla ya kuondoka alipita gerejini.

"Shemeji, lori langu siku hizi linashona nguo," alisema Chuluun, amekaa upande wa mbele ambako Namsrai aliweza kuuona mdomo wake. "Humu ndani mna cherehani. Hebu sikiliza."

Namsrai akaweka bisibisi, akafumba macho. Madereva waliokuwa wakinywa chai ya chumvi wakanyamaza kumngoja. Alihisi mtetemo wa chuma kwenye shavu, basi. Alihamisha bisibisi mahali pengine na pengine, kote kimya.

"Gaskiti ya ekzosi," alisema hatimaye. "Inavuja kwa baridi. Injini ikipata moto chuma kitatanuka, nayo itanyamaza."

"Lakini hii ikipata moto ndiyo inazidi kugonga."

"Fundi ni nani hapa, mimi au wewe?"

"Wewe, shemeji. Mimi mla vumbi tu," alisema Chuluun, na wenzake wakacheka. "Ila nikikwama na dada yangu huko nyikani, kondoo wa faini unachinja wewe."

"Nitakuchinja wewe. Una mafuta kuliko kondoo."

Namsrai angeweza kufungua kifuniko cha injini na kupima vali moja moja kwa kipimo. Angeweza pia kumwita fundi mwenzake asikilize. Lakini tangu lini Sikio akapima? Alijiambia kwamba asubuhi za baridi kama ile mara nyingi huwa ni ekzosi tu, akafunga boneti na kuipiga kofi.

Akarudi nyumbani kuandaa sikukuu. Aliviringa buuz, madonge ya unga yenye nyama ndani, kwa mikono yake ya grisi, zikatoka na midomo iliyopinda, akazigandisha nje juu ya ubao. Alisogeza kiti cha Dulmaa mahali penye mwanga wa dirisha. Alikusudia kukaa mbele yake na kuutazama mdomo wake anapozungumza, ili asipoteze neno hata moja. Hamu ilimjaa hadi akawa anacheka peke yake.

Siku ambayo wangefika, hawakufika. Kesho yake ukaja ujumbe wa Chuluun, alioutuma baada ya kupanda kilima kutafuta mtandao: injini imekufa katikati ya nyika, wamehifadhiwa na familia ya wafugaji. Namsrai alibeba vifaa, akapewa lifti na lori lililokuwa likielekea kaskazini. Alishushwa hapo asubuhi yenyewe ya mwaka mpya.

Alianza kwa kufungua injini ya lori la Chuluun, maana aliogopa kuingia katika hema la wafugaji alimokuwa Dulmaa. Nati ya vali ilikuwa imelegea, ufito wake umepinda kama mundu, na vali yenyewe imedumbukia chini. Si ekzosi. Ni mlio ambao zamani angeutambua akiwa upande wa pili wa barabara. Chuluun alimwekea tu koti mabegani.

Ndani ya hema la sufu watu walikuwa wakisalimiana, wadogo wakiweka mikono chini ya viwiko vya wakubwa na kuwatakia amani. Dulmaa alikuwa amekonda, mashavu yamekuwa mekundu kwa baridi. Mume na mke hawapeani salamu ile ya mikono. Mila inawaachia maneno tu. Lakini hemani wageni walisema wote kwa pamoja, midomo mingi asiweze kuifuata, na Namsrai alitabasamu na kutikisa kichwa kwa kila alichoambiwa.

Likizo ilikuwa imeishia njiani. Mpwa wa mwenye hema alikuwa anakwenda mji mkuu kuwahi zamu yake kazini, na garini ilibaki nafasi moja. Dulmaa asipoipata hiyo, angekosa ndege. Namsrai akamsindikiza hadi mlangoni pa gari. Upepo ulikuwa mkali, injini inanguruma, na Dulmaa alikuwa amejifunga mtandio hadi puani. Akamshika mumewe mkono, akasema jambo. Akalirudia.

Namsrai hakuuona mdomo. Alidhani anahofia kuachwa na ndege.

"Nenda," alimwambia kwa upole. "Nenda tu, usichelewe."

Dulmaa aliuachia mkono wake, akapanda. Gari likaondoka.

"Shemeji, hivi wewe umeumbwa kwa chuma gani?" Chuluun aliuliza, amesimama mbele yake.

"Nimefanya nini?"

"Mtu anakwambia, 'Sema neno moja tu nisirudi kule, nami sirudi.' Anakwambia mara mbili. Wewe unamwambia nenda?"

Namsrai alimtaka arudie, akiutumbulia macho mdomo wake. Kisha akakimbia kulifuata gari, akaanguka kwenye theluji, akaangua kilio. Hakujua analia kwa sauti gani, maana hakujisikia. Watu wote wakatoka hemani wakidhani kuna msiba.

"Sisikii, Chuluun," alisema. "Mwaka wa pili sasa. Lori lako sikulisikia. Yeye pia sikumsikia."

Chuluun alichuchumaa kando yake. "Si ungeniambia tu? Mimi masikio ninayo mawili."

Wakapanda kilima pamoja kutafuta mtandao. Kwa vidole vilivyokufa ganzi Namsrai akaandika: "Sikukusikia. Mimi ni kiziwi. Usirudi kule, mke wangu, nakuomba." Ujumbe ulikataa kwenda. Aliinua simu juu, akaigeuza huku na huku, akajaribu tena, na gari lilikuwa limeshapotea machoni. Ndipo ikathibitika kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.