Jinsi Vijidudu vya Kidonda Vilivyojifunza Kujificha

Zamani zile kidonda hakikuwa na siri. Vijidudu vilivyokiozesha vilielea ovyo ndani ya usaha, kila kimoja peke yake, bila ndugu wala nyumba. Dawa ya gome la mti ilipomiminwa, vilikufa vyote kabla ya siku saba kwisha. Nyinyi mnaosubiri hapa kutibiwa mmeniuliza kwa nini tunawakwangua vidonda kwanza, hata mkilia, ndipo tutie dawa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Katika milima ya Upare alikuwapo mganga wa kike, jina lake Nakijwa. Gome lake lilitoka kwenye mti mmoja tu, na mwaka huo jua lilikuwa kali hata mti ukaanza kukauka upande mmoja. Wagonjwa nao walizidi kumiminika. Nakijwa akaogopa. Kipande alichozoea kumchemshia mgonjwa mmoja akakigawa kwa wanane, akaongeza maji mpaka dawa ikapoteza rangi.

Ndipo mdogo wake, Nanzia, alipojikata mguu kwa jembe akizibua mfereji.

"Dada, mbona leo dawa haiwashi?" aliuliza.

"Itakusaidia tu. Heri kidogo kuliko kukosa kabisa."

Lakini dawa ile haikuviua vile vijidudu. Iliviunguza tu. Kwa mara ya kwanza vilionja kifo na kubaki hai, vikashikwa na hofu. Vikakimbilia chini, vikakumbatiana, na katika kukumbatiana vikatoa ute. Kila asubuhi Nakijwa alipomimina dawa yake hafifu, hofu ilizidi, na ute nao ukazidi. Siku ya tano ulikuwa umevifunika vyote, mwembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Kidonda kikanyamaza. Usaha ukakoma, harufu ikapungua, juu yake pakang'aa. Majirani wakamsifu mganga. Nanzia peke yake hakufurahi.

"Dada, kuna kitu kinatembea mfupani," alisema.

Nakijwa akaugusa mguu. Ulikuwa wa moto mpaka gotini. Akaenda mbio kwenye mti, akabandua gome lote lililosalia, akachemsha dawa nyeusi, kali kama ya zamani, akaimimina. Ikateleza juu ya utando, ikamwagika chini. Kesho yake ikawa vilevile. Homa ikapanda, na Nanzia akaanza kuwaita watu waliokwisha kufa.

Nakijwa aliogopa kukitazama kile kidonda, maana juu kilionekana safi ilhali dawa haikuingia. Akachemsha wembe, akawaita wanawake wawili wamshike mgonjwa.

"Dada, usinikate."

"Sikukati wewe, mdogo wangu."

Akakwangua. Utando ukatoka ukivutika kama mlenda, na chini yake nyama ilikuwa imeoza. Nanzia alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Damu mbichi ilipochuruzika, Nakijwa akatia dawa iliyobaki, nayo safari hii ikaingia. Jioni homa ikashuka.

Nanzia akapona. Akarudi shambani akichechemea, akacheka na wenzake. Nakijwa hakucheka. Kila walipokutana, macho yake yalianguka kwenye ule mguu.

Baada ya mavuno mawili kovu likavimba, likapasuka. Vijidudu vichache vilikuwa vimebaki kwenye mfupa, vimejikunyata chini ya utando wao, vikingoja. Mti ulikuwa umeshakauka wote. Hapakuwa na gome hata la kuonja. Siku ya tatu Nanzia akafa, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa dada yake.

"Nilikupa kidogo," Nakijwa alimwambia.

Tangu mwaka ule vijidudu havikusahau. Vikionja dawa pungufu huitana, hushikamana, hujifunika. Hivyo sisi hukwangua kabla ya kutia dawa, na dawa ikianza hutolewa kamili mpaka siku yake ya mwisho. Na hata kidonda kikishafunga, mtu mwenye busara hukibonyeza kwa kidole kila asubuhi, taratibu, aone kama chini yake bado pana joto.