Aliyelivuruga Bonde

Kamanda Kashindi alimfunga Bisimwa, eti kamtaja kwa yule mtafiti aliyekuwa akiuliza nani analivuruga bonde. Nabintu, mkewe, akaja mbio, mtoto mgongoni, roho mkononi.

"Mwachie, Afande! Alimtaja Kamanda Mulamba tu! Mtafiti anasema Mulamba ndiye simba, ndiye aliyechoma soko, ndiye…"

"Mulamba? Yule akisikia risasi hujificha kwa mama mkwe? Soko nililichoma mimi!"

"Mtafiti ataniamini mimi, Afande? Mama mnyonyeshaji?"

"Mlete!"

Mtafiti akaletwa, Kashindi akajitapa kwenye kinasa sauti chake mpaka koo likamkauka, kisha akamfungua Bisimwa.

Njiani Bisimwa akanong'ona, "Mbona mimi sikumtaja mtu?"

"Hakuna aliyethubutu, Baba Riziki. Basi nikamwacha ajitaje mwenyewe."